Mvutano wa Mataifa Makubwa na Usalama wa Mpaka wa Majanji

Utangulizi
Majanji ni mwalo wa wavuvi katika Wilaya ya Busia nchini Uganda, ukingoni mwa Ziwa Viktoria. Jirani yake ni Kaunti ya Busia nchini Kenya, na Wasamia wanaishi pande zote mbili za mpaka. Makala haya yanatoa hoja kwamba mvutano wa mataifa makubwa kwa kawaida hauzui ugomvi mpya mpakani, bali huukuza ule uliopo kwa kuzipa serikali jirani silaha, mikopo na wafadhili tofauti. Kwa hiyo, lugha ambayo majirani huitumia kuwasiliana ni suala la kiusalama.

Chimbuko la mpaka
Mkataba wa 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani uliiacha Uganda mikononi mwa Uingereza. Reli iliyojengwa kutoka Mombasa ili kuimarisha umiliki huo ilifika Kisumu Desemba 1901. Mnamo Aprili 1902, Jimbo la Mashariki la Uganda lilihamishiwa katika himaya ambayo leo ni Kenya, na hivyo reli yote ikawa chini ya utawala mmoja. Mpaka ulisogezwa kwa masilahi ya dola, wala si kwa ridhaa ya wakazi.

Vita Baridi
Februari 1976, Idi Amin alidai kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ilikuwa ya Uganda. Dai hilo lilitisha kwa sababu jeshi lake lilikuwa na silaha za Kisovieti. Mwaka huohuo, Marekani ilikubali kuiuzia Kenya ndege za kivita aina ya F-5. Ugomvi wa ramani ya kikoloni ukawa umepata silaha kutoka kambi mbili.

Mwaka 1987, Nairobi, mshirika wa nchi za Magharibi, iliishuku Kampala kwa uhusiano wake na Libya. Desemba mwaka huo, vikosi vya nchi hizo mbili vilifyatuliana risasi Busia. Mazungumzo ya kutuliza hali yalifanywa na majirani wenyewe: Rais Moi na Rais Museveni walikutana Malaba kabla ya mwezi kwisha.

Hali ya sasa
Tarehe 2 Machi 2022, Umoja wa Mataifa ulipopigia kura uvamizi wa Urusi nchini Ukraine, Kenya iliunga mkono azimio la kuulaani, ilhali Uganda haikuegemea upande wowote. Mwaka 2024, Uganda iliondolewa katika mpango wa biashara wa AGOA, na Kenya ikatangazwa na Marekani kuwa mshirika mkuu asiye mwanachama wa NATO. Reli ya Kenya iliyojengwa kwa mikopo ya China imeishia Naivasha tangu 2019; nayo Uganda, mwaka 2024, iliipa kampuni ya Kituruki kandarasi ya reli ya Malaba hadi Kampala.

Tofauti hizi si uadui. Hata hivyo, mwaka 2017 usimamizi wa sheria za uvuvi upande wa Uganda uliwekwa mikononi mwa jeshi. Mvuvi wa Kenya aliyevuka mstari usioonekana majini aliweza kukutana na mwanajeshi. Iwapo miji mikuu inashukiana, kukamatwa kwa mtumbwi mmoja kunaweza kufasiriwa kuwa uchokozi wa dola.

Hitimisho
Kiswahili ni lugha rasmi nchini Kenya kwa Katiba ya 2010, na ni lugha rasmi ya pili nchini Uganda tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005. Pia ni lugha yenye mizizi mirefu katika majeshi ya eneo hili. Tunapendekeza kwamba amri za doria, matangazo ya mipaka ya uvuvi na taratibu za kumwachilia aliyekamatwa ziandikwe kwa Kiswahili, na viongozi wa Busia zote mbili wapewe mamlaka ya kusuluhisha matukio ya ziwani kabla hayajafika Nairobi na Kampala. Ushindani wa mataifa makubwa hauko katika uwezo wa Majanji. Namna ya kumsemesha jirani iko.