Je, Wajua? Bandari Iliyoachwa na Bahari

Efeso, nchini Uturuki, ilikuwa bandari kubwa. Leo hakuna meli inayoifikia! Tope la mto Cayster lilijaza ghuba karne baada ya karne, bahari ikasogea kilomita kadhaa. Abiria wa meli za kifahari za Mediterania hushukia bandari ya Kuşadası, kisha hupanda basi hadi Efeso.

Barabara ya marumaru bado inatoka kwenye ukumbi wa maonyesho, uliochukua watu wapatao 25,000, kuelekea bandarini. Inaishia kwenye kinamasi. Zamani iliwashwa taa usiku, fahari ya miji michache mno.

Ukiwa Efeso, usiipite haraka Maktaba ya Celsus. Ni kaburi pia: Celsus, gavana wa Kirumi, alizikwa chini yake katika jeneza la marumaru. Mwanawe ndiye aliyeanza kuijenga, kwa heshima ya baba.