Kuokoka Jumapili, kuanguka Alhamisi: wazee wa 'Tukutendereza' walijua siri gani?

Ukizoea mikesha ya Ijumaa hapa jijini, kuna sura utazikariri. Inafika saa nane usiku, kinanda kinalia polepole, mhubiri anaita wanaotaka kutubu waje mbele. Wanaoinuka si wageni. Ni wale wale wa mwezi uliopita: msichana wa sweta nyekundu, jamaa mrefu wa duka la simu, na kijana wa kwaya ambaye kila mtu anadhani alishafika mbinguni kitambo. Wanalia machozi ya ukweli, sio mchezo. Jumatatu wanatembea kama watu wapya. Ikifika Alhamisi na wamenyamaza kwa kikundi cha maombi cha WhatsApp, jua mambo yameenda mrama.

Kanisani hali hiyo ina jina: kurudi nyuma. Jamaa mmoja wa Kayole, ambaye shida yake ni kubeti, aliniambia ameokoka mara saba. "Ya nane naona aibu bana. Heri nikae tu nje, angalau huko sidanganyi mtu."

Maneno hayo yalinikaa. Huyu hakuchoka na Mungu. Alichoka na mafundisho aliyolishwa, kwamba aliyeokoka kikweli hatendi dhambi, na akitenda basi hakuokoka, aanze upya. Ukiamini hivyo una njia mbili tu: utoke kanisani, au ubaki na ujifunze kuficha. Wengi wanabaki. Ndiyo maana tuna vijana wenye laini mbili za simu, moja ya kanisa na nyingine ya Ijumaa usiku.

Lakini Biblia inasema nini hasa? Hapa pana utamu, kwa sababu inasema vitu viwili vinavyoonekana kugongana. Katika Warumi sura ya 6, Paulo anasema mwamini ameifia dhambi na si mtumwa wake tena. Geuza ukurasa, sura ya 7, anazungumza mtu anayelia kwamba jema analolitaka halifanyi, na baya asilolitaka ndilo anafanya. Wasomi wamebishana karne nyingi kama huyo ni Paulo mwenyewe baada ya kuokoka au ni mtu bado chini ya sheria. Yohana naye, katika waraka wake wa kwanza, anaonya sura ya 1 kwamba anayejisifu hana dhambi anajidanganya. Halafu sura ya 3 anasema aliyezaliwa na Mungu hatendi dhambi. Sasa?

Wafasiri wengi hujibu kwa sarufi. Katika sura ya 3, kitenzi cha Kigiriki kina sura ya tendo linaloendelea, yaani mazoea. Sisi wa Kiswahili hatuhitaji profesa kutueleza hilo. "Alilewa" si sawa na "hulewa". Wa kwanza aliteleza siku moja, wa pili hayo ndiyo maisha yake. Yohana anamzungumzia wa pili.

Mjadala huu si wa leo. John Wesley, baba wa Wamethodisti, mwaka 1766 alichapisha kitabu kizima kuhusu ukamilifu wa Mkristo. Alifundisha kwamba mtu anaweza kujazwa upendo wa Mungu hadi dhambi ya makusudi ikose nafasi, ingawa bado atakosea kwa kutojua na bado atahitaji rehema kila siku. Hiyo sehemu ya mwisho ndiyo mahubiri mengi ya mitaani huiruka.

Ila mimi nimevutiwa zaidi na watu wa hapa nyumbani. Kama una shosho aliyeokoka zamani, hasa wa Kianglikana au Kipresbiteri, unawajua. Akikutana na mwenzake njiani wanakumbatiana, wanaanza kuimba "Tukutendereza Yesu", kiitikio cha Kiganda, hata kama yeye ni Mkikuyu asiyejua neno lingine la Kiganda. Ukikuyu wanaitwa ahonoki, Uganda wanaitwa balokole. Maana ni ile ile: waliookolewa.

Harakati yao inafuatiliwa hadi 1929. Simeon Nsibambi, Mganda aliyekuwa afisa wa afya, alikutana Namirembe, Kampala, na Joe Church, daktari Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya misheni ya Gahini, mashariki mwa Rwanda. Church alikuwa amechoka, karibu kukata tamaa. Wawili hao walikaa na Biblia siku kadhaa, wakisoma na kuomba. Miaka iliyofuata moto uliwaka Gahini. Wafanyakazi wa hospitali walianza kukiri waziwazi: nilichukua hiki, nilimdanganya yule. Walirudisha vitu walivyoiba. Na sio Waafrika peke yao waliotubu. Wamishenari Wazungu nao walisimama mbele ya Waafrika na kuomba msamaha kwa kiburi cha rangi. Fikiria hiyo, miaka ya 1930, ukoloni umekaa kitako.

Si wote waliofurahi. Mwaka 1941, wanafunzi 26 wa chuo cha kitheolojia cha Bishop Tucker kule Mukono, William Nagenda akiwa mmoja wao, walifukuzwa kwa kukataa kuacha mikutano yao ya alfajiri na mahubiri yaliyowakera wakuu. Kufikia hapo ujumbe ulikuwa umeshavuka hadi Kenya, tangu 1937, na baadaye makongamano ya Kahuhia na Kabete yakavuta maelfu.

Siri yao iliitwa kutembea nuruni, maneno yaliyotoka kwa yule yule Yohana. Hawakuuliza kama uliwahi kuanguka baada ya kuokoka. Walijua utaanguka. Waliuliza uko wapi na Yesu leo, wiki hii, na umeficha nini. Kila wiki walikutana kwa ushirika, mmoja anasimama anasema: juzi nilimkasirikia mke wangu, nikamnunia siku mbili, Bwana akanionyesha, nikatubu kwake na kwa mke wangu. Wengine wanaimba, maisha yanaendelea. Dhambi ilikuwa kama vumbi miguuni, unaosha jioni kabla ya kulala. Haikumaanisha ubomoe nyumba uanze msingi upya.

Huku mjini, tofauti na hiyo ni kubwa. Wao kila anguko lilikuwa na mahali pa kulipeleka siku hiyo hiyo. Sisi tunasubiri mkesha, tunakusanya deni la mwezi mzima, halafu tunalilipa kwa machozi mbele ya mtu mwenye kipaza sauti asiyejua hata jina lako.

Jambo la pili, walilipa. Zakayo katika Luka 19 aliahidi kurudisha mara nne, na hawa ndugu walimchukua kwa uzito. Ng'ombe alirudishwa. Kodi iliyokwepwa ililipwa. Shosho wa rafiki yangu alitembea nusu siku kupeleka sufuria aliyoazima miaka mingi nyuma, mwenyewe alishakufa, akaachia watoto. Tulicheka tukisikia. Lakini nijibu: lini mara ya mwisho ulisikia mtu akitoka mkesha akatuma pesa za watu kwa M-Pesa? Ukiniuliza, toba isiyogusa mfuko bado ni hisia tu.

Kisha mafundisho hayo yalijaribiwa kwa damu. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, wengi wa ndugu wa Mlima Kenya walikataa kula kiapo cha Mau Mau, wakisema wamekunywa damu ya Yesu na hawawezi kuongeza nyingine. Wengi wao vilevile walikataa bunduki za serikali. Wakachukiwa pande zote mbili, na baadhi waliuawa. Unaweza kubishana na siasa yao, na wapo wanaosema hadi leo kwamba waliwaacha wenzao kwenye vita vya ardhi. Hoja hiyo siidharau. Lakini huwezi kusema walikuwa na laini mbili.

Tena dhambi kwao haikuwa pombe na mapenzi tu, orodha ambayo sisi hatutoki. Festo Kivengere, askofu wa Kigezi, alikimbia Uganda mwaka 1977 baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa chini ya Idi Amin. Akiwa uhamishoni alikiri kwamba chuki dhidi ya Amin ilikuwa inamla, akaitubu kama dhambi. Akaandika kitabu mwaka huo huo, jina lake kwa Kiswahili ni "Nampenda Idi Amin". Watu walishtuka. Hakuwa akimtetea dikteta. Alikataa tu kubeba sumu ya mtu mwingine moyoni.

Nikiishia hapo nitakuwa nimewapaka mafuta. Ushirika ulikuwa na upande mbaya. Nuru iligeuka tochi ya kumulika wengine: nani amesuka nywele, nani amevaa nini, nani ana deni la benki. Mtu akikiri uzinzi hadharani, aliyetajwa naye alijua habari kutoka kwa majirani, na mara nyingi ni mwanamke aliyebaki na jina baya. Kule Nyanza mvutano kati ya ndugu ulichangia kundi la Johera kujitenga na Kanisa la Kianglikana mwaka 1957 chini ya Matthew Ajuoga na kuanzisha Church of Christ in Africa. Johera maana yake ni watu wa upendo, jina lililokuwa jibu kwa wenzao. Na Rwanda, palepale uamsho ulipozaliwa, ndipo 1994 Wakristo waliwaua Wakristo, wengine ndani ya makanisa. Wapo waumini waliokufa wakiwaficha majirani. Lakini yeyote anayehubiri maisha huru bila dhambi katika eneo hili lazima apitie hapo kwanza, asiruke.

Kwa hivyo tuchukue nini, tuache nini? Kukiri kwa kikundi cha WhatsApp cha watu 200, hapana. Hiyo picha ya skrini itafika kwenu ushago kabla yako. Yakobo sura ya 5 inasema muungamiane na kuombeana, haisemi mtangaze. Watu wawili au watatu wanaoweza kunyamaza wanatosha, na nao pia waseme yao. Ukikuta kikundi ambacho wadogo ndio hukiri na kiongozi husikiliza tu, toka mbio. Kama ulichofanya ni kumuumiza mtoto au kumvamia mtu, hayo si ya ushirika pekee, ni ya polisi. Na kuna mambo kama kubeti na pombe ambayo yakishakushika yanahitaji mshauri pamoja na maombi. Yule jamaa wa Kayole hakuhitaji kuokoka mara ya nane, alihitaji mtu wa kumshikia simu siku ya mshahara.

Nilimsimulia haya ya wazee. Akacheka ile sufuria, akanyamaza kidogo. Kisha akaniuliza kama ni lazima mtu alipe zote mara moja, au anaweza kuanza na mia tano.