Sumakuumeme kwa Kiswahili: Sumaku Haizai Mkondo

Mwanafunzi wa uhandisi mjini Lubumbashi hufundishwa sumakuumeme kwa Kifaransa. Akitoka darasani humweleza mwenzake kwa Kiswahili. Hapo ndipo kosa hufichuka. Husema: «Sumaku huzaa mkondo.» La hasha! Mwaka 1831 Faraday alionyesha kwamba sumaku iliyotulia ndani ya koili haizai mkondo wowote. Kinachouzaa ni badiliko la uga wake. (Nasema uga, yaani kiwanja cha wazi, wala si shamba: neno hilo la pili, likifuata Kifaransa, humfikirisha mtu mahindi.) Sumaku ikisogezwa, mkondo huzuka, ikitulia, hutoweka.

Mfano tunao nchini. Laini ya umeme itokayo Inga hadi Kolwezi, yenye urefu wa kilomita 1,700 hivi, husafirisha mkondo mnyoofu. Uga wa mkondo usiobadilika haubadiliki, basi transfoma haiwezi kuipunguza volteji yake. Kule Kolwezi mkondo huo hugeuzwa kwanza kuwa mkondo geu. Kabla ya kuandika kanuni ubaoni, mwalimu na aulize sababu ya kazi hiyo yote, kisha asikilize kama kitenzi «kubadilika» kitatajwa.