Chumba cha Kumi kwa Kumi na Hesabu za Jicho

Chumba cha kupanga cha futi 10 kwa 10 kina futi za mraba 100. Ingiza kitanda cha tano kwa sita, 30 zimekwenda. Ongeza kabati la nguo, jiko la gesi, ndoo za maji na meza ya televisheni, na mwenye chumba ataanza kupita ubavu ubavu. Hapo ndipo ushauri unapomiminika: paka nyeupe, nunua kioo, weka jipsamu. Sehemu ya ushauri huo ina msingi wa kisayansi. Nyingine ni mazoea ya mafundi tu.

Jicho halibebi futi kamba. Ukubwa wa chumba hulikisia kutokana na dalili: mwanga unaorudi kutoka kwenye kuta, sakafu inayoonekana, na umbali ambao macho husafiri kabla ya kugonga kitu. Rangi nyeupe ya maji hurudisha takriban asilimia 80 ya mwanga unaoiangukia. Kijani iliyokolea kiasi hurudisha kama 30. Sasa fuata mwanga wa dirishani: unagonga ukuta, unadunda hadi darini, unarudi ukuta wa pili. Katika chumba cheupe, baada ya kudunda mara tatu, umebaki asilimia 51. Katika cha kijani haufiki hata asilimia 3. Ndiyo maana pembe za chumba cha rangi nzito humezwa na giza mchana kweupe, na pembe isiyoonekana jicho haliihesabu.

Mwaka 2010, Daniel Oberfeld na wenzake wa Chuo Kikuu cha Mainz, Ujerumani, walichapisha utafiti uliotumia vyumba vilivyoundwa kwa kompyuta. Waliwaonyesha watu vyumba vyenye viwango tofauti vya weupe na weusi, wakawataka wakadirie kimo. Dari iliyong'aa ilionekana iko juu zaidi, na kuta zilizong'aa nazo ziliongeza kimo kwa upande wao. Weupe au weusi wa sakafu haukubadilisha kitu. Kilichovutia zaidi ni kwamba tofauti kati ya dari na kuta, ile ambayo wauza rangi huisifia sana, haikuwa na uzito wowote. Basi ukitaka dari ionekane imepanda, usihangaike kutia kuta rangi nzito ili dari nyeupe "itokeze". Paka vyote vyeupe.

Ni hapa ninapogombana na jipsamu ya ngazi ngazi, ile yenye taa za buluu pembezoni. Ukumbini inapendeza. Katika chumba cha kumi kwa kumi, unamlipa fundi akupunguzie kimo ulichonacho. Dari chini ya bati ni lazima, la sivyo saa nane mchana hakukaliki, lakini iliyonyooka na nyeupe inatosha.

Wajenzi wa Lamu walilijua tatizo hili la nafasi finyu karne kadhaa kabla ya utafiti huo. Dari zao zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki zaidi ya mita tatu hivi, kwa hiyo vyumba vikatoka virefu na vyembamba. Kuta wakazilainisha kwa chokaa nyeupe, dari wakaipandisha juu, na vyumba wakavipanga sambamba, kimoja nyuma ya kingine: kiwanda, yaani ua ulio wazi juu, kisha msana wa tini (ukumbi wa chini), msana wa yuu (ukumbi wa juu), halafu chumba kiitwacho ndani. Mwanga uliingilia kiwandani ukapenya ukipungua pole pole. Na ukuta wa ndani kabisa, ambao ungelisimamisha jicho ghafla, wakautoboa vidaka, yaani vishubaka vya ukutani, safu kwa safu. Jicho likifika pale halikuti mwisho mmoja; linaingia kila kidaka na kivuli chake.

Kioo kinafanya kazi hiyohiyo kwa bei nafuu, mradi kiwekwe kwa akili. Taswira yake hukaa nyuma ya kioo kwa umbali uleule ambao kitu kimesimama mbele. Kikitazamana na dirisha lililo umbali wa mita tatu, unapata dirisha la pili mita tatu nyuma ya ukuta. Kikitazamana na rundo la nguo chafu, umepata marundo mawili.

Linabaki pazia la kutenga kitanda, ambalo wengi wetu hatuwezi kuliacha kwa sababu wageni huja. Litafute jepesi, la rangi ya ukuta, na liishie kiganja kimoja juu ya sakafu, ili jicho lione sakafu ikiendelea upande wa pili. Kitanda chenyewe kiinue kwa matofali. Futi moja chini ya kitanda cha tano kwa sita ni futi za ujazo 30, na zinameza mabegi yote yaliyorundikwa juu ya kabati, yanayoikata dari katikati.