MTOTO AKIITWA KUSOMA NG'AMBO



Siku moja ya gulio hapo Nyandira, mama mmoja alinifuata kando ya matenga ya nyanya. Mkononi alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Nilidhani anataka dawa ya viwavi wa kabichi. Akasema, "Hapana, bwana shamba. Leo nina neno jingine. Niuze shamba la bondeni, au nisiuze?"

Mwanawe yuko mwaka wa pili katika chuo kimoja mjini Morogoro. Amepata barua kutoka chuo cha ng'ambo. Barua inasema amepata nafasi ya kusoma shahada kwa miaka minne. Kuna mtu mjini anayeshughulikia safari. Mtu huyo anataka shilingi milioni tatu kwanza, tena upesi, kabla ya mwisho wa mwezi. Mama hana fedha hizo. Ana shamba. Lakini shamba ni la ukoo, na mjomba wa kijana amesema halitauzwa akiwa hai.

Sikumjibu siku ile. Nilimwambia aje tena gulio lijalo, aje na kijana, na kijana aje na barua yenyewe. Na wewe msomaji, kabla sijakueleza yaliyotokea, tuzungumze kidogo habari ya kusoma ng'ambo. Jambo hili linafika sasa hata vijiji vya juu kabisa vya milima ya Uluguru.

SI JAMBO GENI

Kusoma mbali si jambo la jana. Mwaka 1949 Mwalimu Julius Nyerere alikwenda Edinburgh, katika nchi ya Uskoti. Alirudi mwaka 1952 na shahada yake, akafundisha Pugu. Hayati Edward Sokoine naye, mwanzoni mwa miaka ya uhuru, alikwenda Ujerumani ya Magharibi kusoma mambo ya utawala.

Katika kilimo vijana walikwenda nje kwa sababu hapa nyumbani hapakuwa na chuo cha kutoa shahada ya kilimo. Chuo cha Kilimo cha Morogoro kilianza mwaka 1965, nacho kilitoa stashahada tu. Aliyetaka shahada alikwenda Makerere, Uganda, au mbali zaidi. Mwaka 1969 ndipo shahada ya kilimo ilipoanza kufundishwa Morogoro. Tarehe 1 Julai, 1984 chuo hicho kikawa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, chini ya milima yetu hii hii. Kwa hiyo swali la kwanza la mzazi ni jepesi. Je, masomo hayo anayoyafuata mbali yapo hapa? Kama yapo, kwa nini aende? Pengine ana sababu nzuri. Mwache aieleze.

Tena sisi wa Morogoro tunawajua wanafunzi wa ugenini kwa kuwaona. Mazimbu palikuwa shamba la zamani la mkonge. Vijana wa Afrika Kusini waliikimbia serikali ya makaburu baada ya mauaji ya Soweto ya mwaka 1976, na chama chao cha ANC kikapewa ardhi pale. Mwaka 1978 shule yao ilianza. Ilipewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu tarehe 6 Aprili, 1979. Walisoma, wakalima, wakafuga, wakajenga. Lakini hawakuweza kwenda kwao likizo. Mama akifa kule, mtoto alilia huku. Wengine walifia hapa, na makaburi yao yapo Mazimbu mpaka leo. Mwaka 1992 wenyewe walirudi kwao, na majengo wakaiachia nchi yetu. Leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Sokoine.

Nakueleza haya kwa sababu wazazi wengi hufikiri kusoma ng'ambo ni raha tupu. Mtoto amepanda ndege, basi shida zimekwisha. Sivyo.

MAISHA YA HUKO

Chukua mfano wa Norwe. Kusini ya mji wa Oslo kuna mahali panaitwa Ås. Hapo kuna chuo cha kilimo cha siku nyingi, na Watanzania wengi kutoka Sokoine wamesoma hapo. Mwezi wa Desemba giza huingia saa tisa alasiri. Theluji hufunika mashamba. Hakuna anayelima. Mifugo hukaa bandani miezi mingi, ikila majani yaliyokatwa na kuhifadhiwa wakati wa joto. Kijana wa Mgeta anajua baridi ya mwezi wa Julai, lakini baridi ile siyo hii. Viatu vyake havifai, koti lake halifai. Ugali anaupata kwa shida.

Lugha nayo ni mlima. Anayekwenda China au Urusi mara nyingi hutumia mwaka mzima kujifunza lugha kabla ya kugusa somo lenyewe. Mwaka huo uhesabu. Ukiambiwa miaka minne, huenda ni mitano.

Hata simu ina taabu yake. China wako mbele yetu kwa saa tano. Wewe ukimaliza chakula cha usiku, saa mbili, kwake ni saa saba ya usiku. Usimwamshe kila siku kumwambia ng'ombe ameumwa. Na yeye asiposhika simu, usidhani amekusahau.

Yapo mambo mazito zaidi. Mwezi wa Februari, 2022 vita vilipanuka nchini Ukraine. Wanafunzi Watanzania waliokuwa wakisoma huko ilibidi wakimbilie nchi za jirani. Tarehe 7 Oktoba, 2023 vijana wetu wawili waliokuwa Israeli kujifunza kilimo kwa vitendo waliuawa katika mashambulizi ya siku ile. Mmoja alizikwa nyumbani mwaka ule ule. Mwili wa mwenzake ulipatikana Novemba, 2025, baada ya wazazi kungoja zaidi ya miaka miwili. Sisemi haya ili umfungie mtoto ndani. Nasema mwambie mwanao kwamba siku ya kwanza akifika, ajiandikishe katika ubalozi wa Tanzania unaohusika na nchi ile. Na wewe nyumbani andika jina la chuo, mji, na namba ya simu ya ubalozi. Karatasi hiyo itunze pamoja na cheti chake cha kuzaliwa.

ELIMU INAPORUDI

Mimi ni bwana shamba, na hapa niruhusu nikae kidogo, maana jambo hili naliona kila siku kazini.

Wazee wa Matombo na Mgeta wanakumbuka habari ya matuta ya ngazi, au waliisikia kwa baba zao. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuhifadhi ardhi ya Uluguru. Wataalamu walisema kweli kwamba milima inamomonyoka. Dawa yao ilikuwa kumlazimisha kila mtu achimbe ngazi kubwa mlimani. Lakini udongo mzuri wa milima yetu ni mwembamba. Ukichimba ngazi, udongo mbovu wa chini unakuja juu, na ule wenye rutuba unafukiwa. Watu walichimba kwa jasho, kisha mazao yakawa haba. Mwezi wa Julai, 1955 wananchi walikusanyika Matombo kukataa. Mtu mmoja alipigwa risasi akafa, na mpango ukaachwa.

Wataalamu wale walikuwa wamesoma. Kilichokosekana ni kumwuliza mkulima. Watu wa Mgeta walikuwa na njia yao tangu zamani. Majani hulazwa kwa mstari kukata mteremko, kisha udongo wa juu hukwatuliwa kuyafunika. Majani yanaoza, yanakuwa mbolea, na maji hayakimbii sana. Njia hiyo haikutoka katika kitabu cha ng'ambo.

Sasa tazama mfano mwingine. Mbuzi wa maziwa wanaofugwa Nyandira na vijiji jirani asili yao ni Norwe. Waliletwa Mgeta mwishoni mwa miaka ya 1980, katika ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Sokoine na Wanorwe. Wanatoa maziwa mengi kuliko mbuzi wetu wa kienyeji. Lakini hawakuachwa wazurure milimani. Wanafungwa katika banda lililoinuliwa, wanakatiwa majani. Wakulima walijaribu, wakauliza, wakasahihisha. Palipokuwa na baridi ya milimani mbuzi walikubali. Ukiwachukua ukawapeleka kwenye joto la bondeni, hesabu yake ni nyingine.

Kwa hiyo mwanao akirudi na shahada, asije na neno la "kule tunafanya hivi" tu. Akija shambani kwako, mpe jembe kwanza. Halafu mpe kipande kidogo ajaribu, siyo shamba lote. (Nami nilipotoka chuoni na cheti changu ilinibidi nijifunze hivyo. Mzee mmoja alinionyesha kwamba mistari niliyompimia ilikuwa inapeleka maji nyumbani kwake. Na ilikuwa kweli.)

HESABU YA MAMA

Turudi kwa yule mama. Gulio lililofuata alikuja na kijana wake. Mjomba naye alikuja, akakaa mbali kidogo na fimbo yake, kama mtu aliyepita tu.

Barua ilikuwa ya Kiingereza. Nilimwambia kijana asome mstari mmoja mmoja na kuueleza kwa Kiswahili, na mama aandike. Mama huyu alijifunza kusoma na kuandika katika kisomo cha watu wazima. Anaandika polepole, lakini haruki neno. Tulichora mistari miwili chini ya karatasi, tukapata sehemu tatu. Ya kwanza: vitu vinavyotakiwa. Ya pili: chuo kinalipa. Ya tatu: sisi tunalipa.

Ada: chuo kinalipa nusu. Chumba: sisi. Chakula: sisi. Nauli ya ndege: sisi. Bima ya matibabu: sisi. Viza: sisi. Nguo za baridi: barua haikusema, kwa hiyo ni sisi.

Mama alitazama karatasi. Sehemu ya tatu ilikuwa imejaa mpaka chini. "Huyu mtu aliniambia wanalipa," alisema.

Kijana akasema, "Walilipa nusu, mama. Nilidhani nitafanya kazi huko." Basi tukafanya hesabu. Tuseme chakula na chumba ni shilingi 600,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 7,200,000. Kwa miaka minne ni shilingi 28,800,000. Hapo nauli haijaingia, wala ile nusu ya ada. Shamba la bondeni, likiuzwa lote, lisingefika mwisho wa mwaka wa pili. Na mwanafunzi aliyekatika mwaka wa pili, katika nchi ambayo kibali chake kinategemea masomo, yuko pabaya kuliko aliyebaki nyumbani.

Mjomba akasogea. Hakusema "nilisema." Aliuliza tu, "Na huyo mtu wa mjini, nani anamjua?"

Ndilo swali lililobaki. Nchi yetu ina Tume ya Vyuo Vikuu. Tume hiyo ndiyo inayojua kama chuo cha nje kinatambuliwa, na ndiyo inayotambua shahada ya mtu akirudi. Shahada isiyotambuliwa haimpatii kazi ya serikali. Mwanafunzi anayekwenda nje huomba kwanza kwa Tume cheti cha kutokuwa na pingamizi. Hata mawakala wa kupeleka wanafunzi nje hupaswa kuwa na kibali cha Tume. Kwa hiyo wakala akikwambia "lipa leo, kesho nafasi imekwisha," mwulize kibali chake kiko wapi. Uliza mbele ya mtu wa pili.

Tena zipo nafasi za masomo ambazo nchi rafiki hutoa, kama China, Urusi na Algeria, na Wizara ya Elimu huzitangaza. Fomu ya nafasi hizo hainunuliwi kwa mtu barabarani. Katika tangazo tafuta maneno haya: ada, malazi, chakula, posho, nauli, bima. Lisilotajwa, ulihesabu kuwa ni lako. Na vyeti viwe tayari mapema: cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita kama kipo. Majina yafanane. Wengi wamekwama kwa sababu cheti kimoja kinasema Mwanaidi na kingine kinasema Mwanahidi.

Kijana aliondoka na karatasi ile kwenda kuuliza mwenyewe. Alirudi baada ya majuma mawili. Chuo kipo na kinatambuliwa. Lakini jina la yule mtu wa mjini halimo katika orodha ya mawakala wenye kibali. Na barua ile, kumbe, kijana angeweza kuiomba mwenyewe bila kulipa mtu yeyote. Alipompigia simu kumwuliza, simu iliita, ikakatwa.

Mama alikasirika siku mbili. Mjomba alileta mkungu wa ndizi. Yako mambo mengine ya ukoo yaliyozungumzwa jioni ile ambayo si ya gazeti.

Sasa kijana yuko mwaka wa mwisho hapo mjini. Mwezi uliopita alijaza fomu ya nafasi moja iliyotangazwa na Wizara, yenye ada, chumba, posho na nauli. Jibu bado. Shamba la bondeni limepandwa maharage, na palizi ya kwanza imekwisha.