Tazama mwari weupe, piga picha, lakini usiwafukuze

Wakazi wa Gilgil, Kariandusi na Mbaruk wamezoea kuona ndege wakubwa weupe wakizunguka angani katikati ya asubuhi, mabawa yamenyooka bila kupigapiga. Hao ni mwari weupe, ambao wengi huwaita pelikani. Mwari dume mkubwa huzidi kilo 10, na mabawa yake yakitandazwa huweza kupita mita 3.

Mwari weupe wanaozaa Ulaya, kama wale wa delta ya mto Danube nchini Romania, huhamia Afrika kukwepa baridi. Wale wa Bonde la Ufa huhamahama kati ya maziwa wakifuata samaki na mahali salama pa kutagia. Ziwa Elementaita ndilo mazalio yao makuu hapa nchini, kwa sababu ya visiwa vyake vya mawe. Hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya ziwa hilo, pamoja na Nakuru na Bogoria, liorodheshwe na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2011.

Kwa miaka mingi Elementaita limewapa mwari mahali pa kulala na kutaga, na chakula wamekifuata Ziwa Nakuru, karibu kilomita 20 kutoka hapo. Samaki wadogo aina ya tilapia kutoka Magadi walitiwa Ziwa Nakuru katika miaka ya 1950 na 1960 ili wale viluwiluwi vya mbu. Samaki walipoongezeka, mwari nao wakaja kwa wingi.

Mwari ni mzito, hivyo hawezi kupiga mabawa mwendo mrefu bila kuchoka. Husubiri jua lipashe ardhi moto, kisha huupanda upepo wa joto unaoinuka, akizunguka hadi juu kabla ya kuteleza kuelekea anakokwenda. Kwa hiyo anayetaka kuwaona majini afike mapema, na anayetaka picha ya kundi likipaa asubiri jua lichomoze vizuri.

Wakivua, mwari hujipanga kama nusu duara, huwasukuma samaki kwenye maji mafupi, kisha huinamisha midomo kwa pamoja. Mfuko ulio chini ya mdomo si ghala la samaki, bali ni wavu. Ndege huinamisha kichwa maji yatoke, ndipo humeza.

Mpiga picha hahitaji kamera ya bei kubwa. Mwenye simu anashauriwa yafuatayo:

• Asimame jua likiwa mgongoni mwake, asubuhi au jioni.
• Apunguze mwanga kidogo kwenye simu. Manyoya meupe juani hutoka kama karatasi tupu.
• Apige picha kadhaa mfululizo ndege wanapopaa au kutua.
• Asitumie mwako wa kamera, wala asirushe mawe au kupiga kelele ili ndege waruke.

Onyo hilo la mwisho ndilo zito zaidi. Mwari jike kwa kawaida hutaga mayai 2 juu ya ardhi, na wazazi hupokezana kuyaatamia kwa mwezi mmoja hivi. Wakishtushwa na mashua, mbwa au droni, huinuka kwa pamoja. Dakika chache zinatosha mayai kuungua juani, au makinda kunyakuliwa na furukombe na korongo wakubwa. Wakisumbuliwa mara kwa mara, kundi zima huweza kuhama visiwa na kuacha kizazi cha msimu huo kipotee. Picha moja ya karibu inaweza kugharimu hivyo.

Ndiyo maana mtazamaji anapaswa kubaki ufukweni, mbali na visiwa. Ndege wakiinua shingo wote na kuanza kusogea, hiyo ni ishara kwamba amekaribia mno, naye arudi nyuma polepole. Kurusha droni kunahitaji idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Ndege (KCAA), na ndani ya hifadhi ni lazima pia kupata ruhusa ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Plastiki za kutumika mara moja, zikiwemo chupa za maji, zimepigwa marufuku katika maeneo ya hifadhi tangu Juni 5, 2020. Kando ya Ziwa Naivasha, ambako pia kuna mwari, mtazamaji ajihadhari na viboko.

Mwenye haraka anaweza kusimama kwenye maegesho ya barabara kuu ya Nairobi–Nakuru yanayotazama Elementaita. Pale ziwa lote huonekana, na kwa darubini ndogo kundi la mwari hutambulika kama madoa meupe yanayosogea pamoja. Watoto wa shule wanaweza kuwahesabu na kuandika tarehe. Wakirudia kila muhula, watajionea wenyewe kundi linapoongezeka au kupungua.