Kuku wa Nyama na Kipimo cha Chakula

Watoto, mmekwisha kuona wale kuku weupe, wazito, wanaouzwa sokoni? Ndio kuku wa nyama. Hawafanani na kuku wa kijijini. Kuku wa kijijini hutembea mchana kutwa, huchakura udongo, hula wadudu na punje, naye hukua polepole. Kuku wa nyama hukaa karibu na chombo chake. Hula, hunywa, hulala, huamka, hula tena. Akitunzwa vema hupita kilo 2 kwa majuma 6.

Sababu gani anakua upesi hivi? Kwa miaka mingi watu walichagua kuku wenye kukua upesi, wakawazalisha hao tu. Katika Chuo Kikuu cha Alberta, nchi ya Kanada, wataalamu walifuga pamoja kuku wa ukoo wa mwaka 1957 na kuku wa ukoo wa mwaka 2005. Wote walipewa chakula cha namna moja. Siku ya 56 waliwapima. Wale wa ukoo wa zamani walikuwa na gramu 905. Wale wa ukoo mpya walikuwa na gramu 4,202.

Lakini haraka hii ina hatari. Nyama inakua upesi, moyo na mapafu hayawezi kuifuata. Kuku anahema kwa shida, maji yanajaa tumboni, kisha anakufa. Wengine miguu yao inapindika. Hatari ya moyo huzidi kwenye baridi na katika nchi za juu, maana huko hewa ni nyepesi. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya bahari. Basi mfugaji wa Bukavu aangalie sana.

Kwa hiyo wafugaji wengine hupunguza chakula kidogo. Juma la kwanza hawapunguzi hata kidogo, kwa kuwa kifaranga ametoka katika yai na gramu 40 hivi tu, na matumbo yake yangali yanajengwa. Katika juma la pili wanaondoa chombo cha chakula saa chache kila siku, kwa siku chache tu. Maji hawaondoi kamwe. Siku hizo kifaranga anakua polepole, moyo na mifupa inapata nafasi. Kisha anarudishiwa chakula chote. Sasa anakua kwa nguvu, na pengine anawafikia wenzake. Lakini anahitaji wakati. Akiuzwa mapema, atauzwa mdogo.

Mtu mwingine akisikia hivi atasema: «Vizuri! Nitapunguza chakula siku zote, nitunze fedha zangu.» Mtu huyo anajidanganya. Tufanye hesabu ndogo, kwa mfano tu.

Tuseme kuku anakula mafungu 5 ya chakula kwa siku. Mafungu 2 yanalinda uzima wake: joto la mwili, pumzi na mwendo wa damu. Mafungu 3 yanayobaki yanajenga nyama. Sasa mpe mafungu 3 tu. Uzima unachukua 2 yake kwanza, kama kawaida. Kwa nyama linabaki fungu 1. Umepunguza chakula mafungu 2 katika 5, lakini nyama imepungua mafungu 2 katika 3! Tena kuku huyo atakaa siku nyingi bandani kabla ya kuuzwa, na kila siku atadai chakula cha kulinda uzima.

Tena kuku wenye njaa hugombana. Wenye nguvu hushiba, wanyonge husukumwa na kudonolewa. Kwa hiyo chakula kinaporudishwa, vyombo vitoshe, kila kuku apate mahali pa kula.

Kuku hana kinywa cha kuwaambia watu habari zake, lakini mzani husema. Mpime kuku kila juma, andika katika daftari, nawe utajua kama anakua. Kupunguza kwa kipimo ni akili; kupunguza kwa uchoyo ni hasara.

Maulizo

1. Kuku wa nyama na kuku wa kijijini wanatofautiana namna gani?
2. Sababu gani hatupunguzi chakula katika juma la kwanza?
3. Kuku anakula mafungu 4, na uzima unachukua 2. Ukimpa 3, nyama inapungua kiasi gani?
4. Nyumbani kwenu, ni nani analisha kuku? Anapimaje chakula?